Mbeba Njaa Yangu

Nilisikia mwiko kabla sijaiona nyumba. Du, du, du, kisha mkwaruzo mrefu kwenye ukingo wa sufuria, kisha du, du tena. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kilima chetu kama ng'ombe aliyekataa kuamka, na mimi nilikuwa nashuka mbio nikiisoma njia kwa nyayo. Mtu alikuwa anasonga ugali, na nilijua ni nani. Dada yangu Paskalina hasongi kama watu wengine. Anaupiga ugali kana kwamba umemkosea adabu.

Ila haikuwa saa ya ugali. Majirani walikuwa bado wanapuliza chai, na dada anaishi peke yake tangu mimi nilipokwenda kambini. Nikajiuliza anampikia nani.

Nilisimama nje ya mlango wa jiko, nikashika pumzi. Harufu ya unga ulioiva ilinifikia, ile harufu inayomfanya mtoto aache mchezo katikati. Ilinipita kama upepo unavyoipita nguzo. Tumbo langu halikusema neno. Lilikuwa halijasema neno kwa mwaka mzima na zaidi, na nilikuwa nalionea fahari kwa hilo.

Kupitia mlango nilimwona dada kwa mgongo. Alikuwa amenenepa. Alipakua ugali kwenye sahani kubwa, ile yenye maua, ya wageni. Akaweka pembeni mboga za majani na bakuli la maziwa ya mgando. Akavuta vigoda viwili vikatazamana. Akachukua jagi la maji, akamimina kidogo kwenye beseni mbele ya kigoda kilicho tupu, taratibu, kama unavyomnawisha mtu unayemheshimu, akasema kwa sauti ya chini, "Karibu." Kisha akazunguka, akakaa yeye mwenyewe kwenye kigoda cha mgeni, akanawa, akaanza kula.

Hakula kama mtu mwenye raha. Alikula kama mtu anayefanya kazi ya mwenzake.

"Dada," nikasema.

Hakushtuka. Alisema alijua niko karibu, kwamba nilipokuwa napanda upande wa pili wa kilima njaa ilimbana hapa, akajigusa chini ya mbavu za kushoto, na kwamba ingekuwa vizuri nikiingia kabla ukungu haujanilowesha.

"Mgeni ni nani?"

"Ni wewe, baba," akasema. Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la baba yetu, Boay.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Sisi wa Kambi ya Ukingoni tunakimbia kwa mafuta. Wanga ambao mwili unauweka kwenye misuli na kwenye ini unatosha mbio za asubuhi moja, kisha mtu anagonga ukuta, anaanza kuyumba na kulia ovyo barabarani. Mafuta hayaishi hivyo. Hata mtu mwembamba kama fito ana mafuta ya kumbeba siku nyingi, mradi ini lake lifundishwe kuyayeyusha na ubongo wake ufundishwe kuyapokea. Kwa hiyo sisi hatuli ugali, wala wali, wala viazi, wala ndizi. Tunakula mayai, nyama ya mbuzi, parachichi, mtindi, mboga zilizozama kwenye samli. Sokoni wanatucheka. Wanasema tunanuka kama bibi harusi aliyepakwa samli.

Mwili unajifunza kwa wiki chache, ila hamu haijifunzi. Mtu aliyelelewa kwa ugali ataota ugali mpaka siku atakapotoroka kambini aende kuula gizani, na kazi yote ya miezi ifutike kwa tonge chache. Vijana wazuri wengi tuliwapoteza hivyo. Ndipo zikaja mbegu pacha. Zinaoteshwa kutoka kwenye chembe moja ya mwili wa mkimbiaji, kisha zinakatwa mbili. Moja inapandwa kwake, kwenye mshipa unaotoka tumboni kwenda kichwani. Nyingine inapandwa kwa mtu mwingine, mahali palepale. Njaa ya mkimbiaji ikipanda haifiki kichwani mwake. Inavuka, inafika kwa mwenzake. Mkimbiaji anakula kwa saa ya ukutani, anakimbia akiwa mwepesi, na mwenzake ndiye anayeisikia. Anaitwa mbeba njaa.

Siku zile mbegu zilikuwa hazishiki ila kwa mtu wa damu moja. Na mimi katika dunia hii nilikuwa na damu moja tu.

Dada alipewa maelezo na kijana mmoja mpole wa kambini. Njaa ikija, anywe maji, akae, aisubiri ipite, asile kabisa kwa sababu si yake. Aliitikia vizuri. Sasa, huku akikwepa macho yangu, alinisimulia kwamba mwanzoni alifanya hivyo kweli. Lakini njaa yake yeye huja polepole, inatokea chini kama baridi. Yangu ilikuja mbio bila kubisha hodi, ikaingia ikakaa. Akaipa maji. Ikalia. Akaipa maji tena. Ikalia zaidi, na akaitambua sauti yake, kwa sababu alikuwa ameisikia tangu nikiwa na meno mawili.

"Nikajiuliza," akasema, "lini mtu amekuja kwenye nyumba hii na njaa, akapewa maji, akaambiwa akae mpaka imwishe? Ningelala vipi?"

"Kwa hiyo ukapika."

"Nikapika. Na nikiipikia siwezi kuipa sahani ya kila siku. Ni mgeni. Nikila inanyamaza, na ikinyamaza nasema, haya, Boay ameshiba."

"Dada, mimi sishibi. Mimi huwa sihisi kitu chochote."

"Wewe hujui," akasema, tena kwa upole wa mtu anayemsahihisha mtoto. "Mimi ndiye ninayejua."

Nilitaka kucheka na nilitaka kuvunja kitu. Wataalamu wa mbegu walipima kila kitu, joto la damu na kasi ya mshipa. Hakuna aliyewaambia kwamba kwetu njaa ya mtu haiachwi nje ya mlango.

Ndipo nikauona mguu. Alikuwa ameuficha chini ya kigoda, umefungwa kitambaa cha kitenge, na kitambaa kilikuwa na doa lenye majimaji. Alisema ni jeraha dogo, alijikwaa kwenye waya wa nyavu za ukungu kule juu, zile zinazotukamatia maji ya kijiji, ambazo yeye ndiye mtunzaji wake. Nikauliza lini. Akasema zamani kidogo. Nikauliza kama unauma. Akasema jambo lililonitia baridi kuliko ukungu wote ule: kwamba hauumi hata kidogo, ndiyo maana hakuona sababu ya kunisumbua.

Nilimbeba mgongoni hadi zahanati. Njiani alinitania kwamba mkimbiaji wa samli asithubutu kumdondosha mbele ya watu, na alipumua kwa shida kwenye sikio langu.

Nesi Veronika alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akakitazama tena. Alizungumza nami nje, chini ya paa la bati. Sukari ilikuwa juu sana, na haikuwa imeanza jana. Mishipa ya mguu imeanza kufa ganzi. Kama ataendelea kula milo ya watu wawili, tena milo ya wageni, jeraha halitafunga, na watakaofuata ni wale wenye misumeno. Baada ya mguu, macho. Alinikumbusha, ingawa sikuhitaji, ugonjwa uliomwondoa mama yetu.

Tuliporudi ndani alimweleza dada chakula anachopaswa kula: mboga nyingi, mayai, parachichi, nyama kidogo, ugali uwe wa kuonja tu. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Si ndicho chakula chenu hicho? Basi mniandikishe na mimi mbio."

Nesi alicheka. Mimi sikuweza.

Kocha Margwe alinipokea uwanjani, saa yake shingoni. Ni mtu mwema, na ninasema hivyo nikiwa na hasira. Alikuwa mkimbiaji kabla ya mafuta, enzi za wanga, na mara nyingi alituonyesha goti lake lililovimba kama ushahidi. Alijua Mbio za Jua hadi Jua zina maana gani kwangu. Zinaanza jua linapochomoza kwenye bwawa la chumvi, zinapanda ukuta wote wa Bonde la Ufa, zinafuata ukingo mchana na usiku, na zinaishia hapa kwetu jua likichomoza tena. Zinapita mbele ya nyumba zetu, na hakuna hata mtoto mmoja wa nyumba hizi aliyewahi kuzishinda. Wanakuja wageni na mahema yao, wanashinda kwenye udongo wetu, wanakwenda. Mimi niliapa kwamba hilo litaishia kwangu.

Nilimwambia nataka kufunga mbegu kabla ya mbio, njaa yangu inirudie mwenyewe.

Hakunikaripia. Alinitembeza ukingoni, akaniambia mambo mawili. La kwanza, ambalo nililijua: anayefunga mbegu anatoka kwenye timu, hana gari la maji, hana jezi, anaanza nyuma kabisa pamoja na wazee na watalii. Na hakuna aliyewahi kukimbia njia ile kwa mafuta huku amebeba njaa yake mwenyewe. Mwili utaweza, alisema, lakini kichwa kitapiga kelele mpaka mtu asimame ale chochote atakachopewa na mtoto barabarani.

La pili lilikuwa jipya. Mbegu zimeboreshwa. Hazihitaji tena damu moja, zinashika kwa mtu yeyote. Kuna mama mmoja wa bondeni, mwenye afya njema, ambaye yuko tayari. Kesho asubuhi wanaweza kuitoa mbegu ya dada na kumpandia huyo. Atafundishwa vizuri zaidi, atasimamiwa. Dada atapona, mimi nitakimbia mbele. Nani ataumia?

Nakiri kwamba moyo wangu uliruka. Nilimwona dada amepona na mimi nakata utepe, vyote viwili katika picha moja, na picha ile ilikuwa nzuri. Nikauliza jina la yule mama. Kocha akasema hajapewa jina, ila ana watoto wanne na ni mchapakazi.

Watoto wanne. Basi ana jiko. Ana mwiko. Ana sahani moja ambayo haitoi ila kwa wageni.

"Kocha," nikamwuliza, "njaa yangu ikienda kumlilia huyo mama, unafikiri atanywa maji?"

Akatazama bondeni. Alisema ulimwengu mzima unakwenda huko, Boay, kwamba siku zijazo hakutakuwa na bingwa anayebeba njaa yake, na kwamba akinipoteza mimi atapoteza mkimbiaji bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Mlango wa timu ataufunga kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu kanuni ni kanuni, lakini utamuuma.

Mimi nikichokozwa sijui kujibu kwa maneno ya kawaida. Tangu nilipojifundisha kupima silabi kwa hatua zangu, hasira yangu hutoka imepangwa. Nilimpa ubeti huu palepale ukingoni, kwa sauti:

*Mimi mwana wa ukingo, ukungu ndilo shukangu,*
*Sikimbii kwa maringo, nadai kilicho changu,*
*Mlima, bonde na pango, vyote ni uwanja wangu,*
*Anayefunga mlango, hajui kasi ya kwangu.*

Kocha alitikisa kichwa. Akasema anaijua kasi yangu, yeye ndiye aliyeipima. Ila hakuna ubeti uliowahi kumshibisha mtu. Kisha akanishika bega, akaniachia, akarudi kwa vijana wake.

Nilimkuta dada amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda kama alivyoagizwa, bandeji nyeupe ya zahanati ikimeta. Nilimweleza yote, na yule mama wa bondeni pia. Nilidhani atafurahi. Uso wake ulijikunja.

"Mama gani?"

"Simjui, dada. Mama tu."

"Anajua kwamba unapenda ukoko? Anajua kwamba njaa yako ikija saa ya mvua inataka kitu cha moto, haitaki maziwa?" Alivuta kanga yake mabegani. "Watu wanagawa njaa za watoto wa watu kama karanga."

Nikamwambia njaa yangu simpi mama yule wala mtu mwingine. Nataka kuirudisha nyumbani kwake, kwangu. Akakataa. Alikataa kwa utulivu, na utulivu wake ni mgumu kuliko ukuta wa Bonde. Alisema nimebakiza wiki moja. Alisema ataweza, sasa kwa kuwa amejua ubaya wake, atakunywa maji kama alivyoambiwa na hatakula. Mimi nikimbie kwanza. Ameibeba miezi yote hiyo, hawezi kuiangusha mlangoni.

"Basi jaribu nikiwa hapa," nikasema. "Nikuone."

Kwa hiyo tulikaa. Saa yangu ya mlo ilipita na kwa makusudi sikula. Alikuwa amekwisha kusonga ugali kwa mazoea, ulikuwa umefunikwa kwenye sahani ya maua, na hatukuutoa. Alianza kunisimulia habari za mwanambuzi wa jirani yetu, mama Dangat, aliyeingia kanisani wakati wa ibada akala maua ya altare. Alisimulia vizuri, kwa sauti za watu wote. Katikati ya sauti ya katekista akanyamaza.

Niliiona ikiingia. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikunjika, vikakunjuka. Aliuma mdomo wa chini upande mmoja. Mguu wake mzima ukaanza kugonga sakafu kwa kisigino, haraka haraka. Nikashikwa na kitu cha ajabu, kwa sababu nilikuwa nautambua mguu ule. Mimi ndiye niliyekuwa nagonga kisigino hivyo, mtoto, nikisubiri sufuria. Mimi ndiye niliyekuwa nauma mdomo upande ule. Mwanamke mzima mwenye mvi masikioni alikuwa amekaa mbele yangu, na njaa yangu ilikuwa imemvaa kama nguo.

Nikampa kikombe cha maji. Akanywa. Macho yake yakaenda kwenye sahani, yakarudi kwangu kuomba radhi, yakaenda tena. Jasho lilimtoka kwenye paji. Hakulalamika. Alikuwa ananibembeleza, nilisikia, kwa sauti ndogo, akijishika chini ya mbavu: "Tulia, baba. Tulia. Bado kidogo. Si kwamba sikupendi."

Alikuwa anaiambia njaa. Na mimi, mwenye njaa, nilikuwa nimekaa pale na tumbo tulivu kama ziwa.

Sikuweza kuvumilia zaidi. Nilipiga magoti mbele yake. Mbegu pacha hazihitaji mtaalamu kuzifunga. Zinafungwa na wale wawili waliopandiwa: kiganja cha mmoja juu ya mbavu za mwenzake, kwa pamoja, mpaka joto la pande mbili lilingane na mbegu zilale. Niliweka changu juu ya mbavu zake. Nikamwomba aweke chake juu ya zangu.

Alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameanza. Alisema nitaanguka njiani na watu watanicheka.

"Wacha wacheke. Nipe changu, dada."

"Ni kizito."

"Najua ni kizito. Nakiona."

Kuku aliingia jikoni, akatutazama, akatoka. Kisha mkono wake, ule wenye makovu ya mvuke na ya waya, ulikuja polepole ukanigusa ubavuni. Ulikuwa wa baridi. Tukasubiri. Ulipata joto kidogo kidogo, mpaka sikuweza tena kujua ngozi yangu inaishia wapi.

Kitu kikazimika.

Kilichotangulia ni harufu. Ugali ule ule, uliokuwa umefunikwa pale muda wote, ukaingia puani mwangu kana kwamba mtu amefungua mlango wa ghala. Unga, moshi, ukoko ulioungua kidogo. Mate yakanijaa mdomoni. Halafu ikaja yenyewe, mbio, bila kubisha hodi, kama dada alivyosema, ikanikunja tumbo mpaka nikaegemea goti lake. Mwaka na zaidi wa milo ambayo sikuitamani ulinidai kwa pamoja. Nilisahau mbio. Nilisahau kocha, ukingo, jina langu. Mkono wangu ulikuwa umeshafunua sahani, na tonge lilikuwa limeshakatwa.

Dada alinishika kifundo cha mkono.

Huyu ndiye aliyenilisha maisha yangu yote. Sijawahi kumwona akimzuia mtu kula, hata mbwa wa watu. Alilitoa tonge kwenye vidole vyangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akalirudisha kwenye sahani.

"Usile," akasema. "Ukila hili, yote niliyobeba yatakuwa bure."

Akasimama kwa mguu wake mzima, akashika sahani kwa mikono miwili. Nikamwambia akae, nitaitoa mimi. Akasema hata kidogo, mimi siaminiki, macho yangu ni ya fisi. Akatoka akichechemea, akaivukisha ua hadi kwa mama Dangat, na nikasikia watoto wa kule wakishangilia. Mimi nilikuwa nimeshika kigoda kwa mikono yote miwili, nikigonga kisigino sakafuni.

Aliporudi alichemsha mayai, akakata parachichi, akachovya mboga kwenye samli, akaweka vyote kwenye sahani moja. Tukala pamoja. Nilikula kama moto. Yeye alikula mayai mawili, akaweka mkono chini, akasema ameshiba, kisha akalisikiliza neno hilo, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani na hana hakika kama ndiye.

Njaa yangu haikuisha. Mayai na samli vilijaza tumbo, lakini hamu ilibaki imesimama pale pale, inataka ugali, inalia. Ndivyo itakavyokuwa wiki nzima. Ndivyo itakavyokuwa kwenye bwawa la chumvi na kwenye ukuta na ukingoni gizani. Nilimtazama dada nikamwona amejishika ubavu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Kuko kimya humu," akasema.

"Si ndiyo vizuri?"

"Ndiyo vizuri." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Ila ulipokuwa unapanda ule ukuta kwa mazoezi, mimi nilikuwa najua. Uliposimama, nilijua. Ile siku ya radi, wenzako walipokuwa wanakutafuta, mimi nilikuwa napika, kwa sababu ilikuwa inalia, na nikawaambia watu, maadamu inalia, mzima. Sasa utakimbia mchana na usiku, na mimi nitakaa hapa. Nitajuaje, Boay?"

Aliniita kwa jina. Hafanyi hivyo ila akiogopa.

Nilisogeza kigoda mpaka magoti yetu yakagusana, nikauchukua mguu wenye bandeji nikauweka juu ya mapaja yangu. Njaa ilinikunja tena, nikaiacha inikunje, nikangoja inilegeze, ndipo nikasema.

"Nisikilize, dada. Nitaanza nyuma kabisa na nitakuwa na njaa tangu hatua ya kwanza. Jua likichomoza sitakwenda kwa kocha wala kwa wapiga picha. Nitakuja moja kwa moja hadi jikoni hapa, nikiwa wa kwanza au wa mwisho, na kabla sijavua viatu nitakaa mbele yako nikusimulie kila mahali iliponishika na kila mahali iliponiachia. Sitakuficha hata mahali pamoja. Nakuahidi."